Bila LinkedIn ndo sipati kazi?

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na kutafuta kazi

SWALI: Shikamoo dada. Mi nimemaliza chuo, nimesoma uhasibu, natafuta kazi na mwaka sasa unaelekea kuisha. Kila ninaemlalamikia ananiuliza kitu kimoja tu, uko LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi? Nikisema siko ananiangalia kama nimesema sina cheti. Ukweli mi sio mtu wa mitandao, hata picha yangu ya WhatsApp nimeweka maua. Nilijaribu kuingia nikakuta watu wanajisifu, "nina furaha kuwatangazia", "safari yangu ya uongozi", nikajiona mdogo nikafunga. Naomba uniambie ukweli, hiyo profaili ni lazima au ni fasheni tu? Na kama ni lazima, mtu asie na uzoefu anaandika nini huko?
Mhasibu wa maua

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Lazima sio. Watu wanaajiriwa kila siku na hawajawahi kuwa na akaunti huko, na kwenye fomu nyingi za maombi kile kisehemu cha kuweka linki ya LinkedIn unaweza kukiruka na maombi yakaenda vizuri tu. Ila usiishie kusoma hapo, manake kwa mhasibu jibu langu ni fungua, ntakuambia kwanini, na ntakuambia pia kwanini ukishafungua usikae unaisubiri ikuletee kazi.

Kwanza ujue ule mtandao unaishije. Ulifunguliwa kwa watu Mei 2003, Facebook bado haijazaliwa, na mwaka 2016 Microsoft wakaununua kwa dola bilioni 26 na ushee. Hela yote hiyo haikutolewa kwa ajili ya zile posti zinazokukera. Sehemu kubwa ya mapato yao inatoka kwa makampuni yanayolipia kutafuta watu wa kuajiri, yaani we unaingia bure kwa sababu wewe ndo unaetafutwa. Sasa ukiingia na akili ya mitandao mingine, ya kuposti na kuhesabu laiki, utachoka bure. Kuposti sio lazima kabisa. Zile posti unaweza kupita kama huzioni ukaenda moja kwa moja kwenye matangazo ya kazi na kwenye kutafuta watu, hakuna anaekuwekea alama ya utoro.

Mtu wa HR, yaani wa idara ya kuajiri, anaetafuta mhasibu yeye hasomi maisha ya watu, anaandika maneno kwenye kiboksi cha kutafuta, cheo, ujuzi, mahali, anachuja, alafu inamjia orodha ndefu ya sura na majina, na chini ya kila jina kuna mstari mmoja. Huo mstari ndo unaoamua kama atabonyeza au atapita. Unaruhusiwa herufi 220, na usipouandika mwenyewe mtandao unakuandikia kutokana na kazi yako ya mwisho, kwako wewe utaandikwa "mwanafunzi" wakati ulishamaliza! Alafu kuna wanaouandika wenyewe lakini wanaandika Mwotaji, Mpambanaji, Kiongozi wa Kesho. Jamani, nani anakaa ofisini akatafuta "mpambanaji"? Andika mhasibu, andika shahada yako, andika Excel, andika programu ya mahesabu unayoijua kweli, andika kama unajua kulinganisha vitabu na taarifa za benki au kuandaa mishahara. Na tumia lugha ile ile ambayo matangazo ya kazi zenu yanaandikwa, manake anaekutafuta anaandika maneno yale yale aliyoyaweka kwenye tangazo lake.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kuonekana, na kwa mtu asie na uzoefu nisikudanganye, ni njia nyembamba. Novemba 2023 walitangaza wamevuka watu bilioni moja huko ndani. Kuwepo tu hakukutofautishi na mtu yeyote. Mtu wa HR anaetafuta mhasibu wa miaka 5 hata kukuona hatakuona, ameshakuchuja kabla hajashika kikombe cha chai.

Njia ya pili ndo yako. Umetuma CV, wamekupenda kidogo, wamebakiza watu wachache mezani, mmoja anachukua jina lako analitafuta mtandaoni. Hapo anachotaka ni kuhakikisha we ni mtu kweli na ulichoandika kwenye CV ndo hicho hicho. Akikuta profaili safi, tarehe zinafanana na CV, chuo kipo, picha ya mtu na sio ya maua (samahani), anaridhika anaendelea. Asipokuta kitu hakukatai, anaendelea na CV yako. Kinachokuharibia ni akikuta profaili uliyoifungua mwaka wa kwanza ukaitelekeza, CV inasema umemaliza na profaili inasema bado unasoma, CV inasema mafunzo kwa vitendo miezi sita profaili inasema mitatu. Kwa kazi nyingine wataona ni uzembe, kwa mhasibu wataona ni kutokujua kulinganisha vitabu. Ndo maana mi nasema ya nusu nusu ni afadhali usingekuwa nayo kabisa.

Umeuliza uandike nini. Andika mafunzo kwa vitendo hata kama ulikuwa unapanga risiti, lakini sema risiti za nini, za muda gani na uliziingiza wapi. Ulikuwa mweka hazina wa darasa au wa kikundi chochote? Andika, hapo ulishika hela za watu na ulitoa hesabu, ni kazi ya kihasibu hiyo usiione ndogo. Kuna mitihani ya bodi ya wahasibu unaifanya, andika umefika ngazi gani. Ile sehemu ya kujielezea wanakupa herufi 2,600, usizimalize tafadhali, aya mbili fupi zinatosha, ya kwanza unajua kufanya nini na ya pili unatafuta kazi ya aina gani. Hiyo ya pili watu wengi wanaisahau alafu wanashangaa mbona hawatafutwi. Yote hayo ni kazi ya jioni moja, ukiona imefika wiki ujue umeanza kuipamba.

Sasa muda uliobaki upeleke kwa watu, na hapa nakuomba unisikilize. Kuna msomi wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 alitoa utafiti kuhusu watu waliopata kazi, aliwahoji watu wa kitongoji kimoja karibu na Boston. Wale waliopata kazi kupitia mtu wa kuwatonya aliwauliza, huyo mtu wakati ule mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema tunaonana mara kwa mara walikuwa asilimia 16.7 tu, waliosema mara moja moja asilimia 55.6, na waliobaki walikuwa hawaonani karibu kabisa, mwaka unaweza kupita. Sababu ukiifikiria ni rahisi, rafiki yako wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe, mnasoma tangazo moja mnagombania nafasi moja, ila yule mliesoma nae darasa la jirani mkaachana ameshaingia mahali ambapo we hujawahi kufika, na anasikia habari ambazo kwako hazifiki.

Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha utafiti mwingine uliofanyika humo humo LinkedIn, watu zaidi ya milioni 20 kwa miaka mitano, watafiti walikuwa wanabadilisha kile kisehemu kinachokuletea "huyu huenda unamjua" alafu wanaangalia nani alihama kazi. Kikaonekana kile kile, wanaofahamiana kidogo ndo wanaosaidiana zaidi kupata kazi kuliko marafiki wa karibu. Ila sio mtu usiemjua kabisa pia! Aliekuwa na msaada ni yule wa kati, mna watu mnaowajua wote lakini hamjazoeana. Kwaiyo kutuma maombi ya kuunganishwa kwa wakurugenzi ambao hawajui hata mtu mmoja unaemjua ni kujichosha, na kumtumia mdogo wako unaelala nae chumba kimoja nako hakusaidii.

We una hazina ambayo hujaigusa, darasa lako zima na madarasa mawili yaliyokutangulia. Ingia kwenye ukurasa wa chuo chako, wanaonyesha waliosoma hapo sasa wako kampuni gani. Watafute wale waliotangulia miaka miwili mitatu, sio wakubwa sana, hao bado wanakumbuka shida ya kutafuta. Akaunti ya bure siku hizi inakupa ujumbe wa kuambatanisha na ombi mara chache tu kwa mwezi, kwaiyo usizimwage hovyo. Na usiombe kazi kwenye meseji ya kwanza, mtu akiombwa kazi ambayo hana uwezo wa kuitoa anaona aibu anakaa kimya. Muulize kitu anachoweza kujibu, kwa mfano:

"Habari za kazi dada. Nimesoma uhasibu chuo ulichosoma wewe, nimemaliza baada yako. Nimeona uko kwenye ukaguzi, naomba kukuuliza, wanapochukua watu wapya huko kwenu wanaangalia zaidi mitihani ya bodi au mafunzo kwa vitendo? Nashukuru sana hata ukijibu kwa mstari mmoja."

Basi, usiongeze maelezo ya shida zako. Atakaejibu mshukuru kweli kweli, na baada ya muda mrudie umwambie ulichofanya na ushauri wake, hapo ndo mnafahamiana. Wengi hawatajibu, usinune.

Na zile posti za majigambo, aliefukuzwa kazi wiki iliyopita haposti. Unaona sherehe za wengine tu.

SWALI: Habari dada. Mimi niko kazini ila moyo umeshaondoka siku nyingi, nataka kuhama kimya kimya. Nikiweka ile duara ya kijani ya kwamba natafuta kazi bosi si ataiona? Na nikianza kurekebisha profaili niliyoiacha miaka, si watajua tu huyu anaondoka?
Mwenye mguu mmoja nje

JIBU: Duara ya kijani wanaiona wote, bosi na mke wa bosi, wewe achana nayo. Ila ukienda kwenye hiyo setingi utakuta kuna chaguo la pili, kuonyesha wale wanaotafuta watu tu bila duara kutokea kwenye picha. Hapo mtandao unajitahidi kuwaficha watafutaji wa kampuni yako wewe, na nasisitiza neno unajitahidi, wenyewe wanasema hawakuhakikishii kwamba siri itakaa. Na makampuni yanajuana, mtafutaji wa kampuni nyingine anaweza kuwa alikaa dawati moja na afisa wa HR wenu. Kama ukijulikana leo utafukuzwa kesho, basi usiwashe hata hiyo.

Kuhusu kurekebisha, kabla hujagusa neno nenda kwenye setingi uzime ile ya kuwatangazia watu wako mabadiliko ya profaili. Alafu badilisha kidogo kidogo, leo picha, wiki ijayo maelezo. Mtu alielala miaka minne akiamka siku moja na picha mpya na suti na sifa kutoka kwa watu kumi, hata mlinzi wa getini anaelewa. Vizuri zaidi ungekuwa unaigusa gusa muda wote hata usipotafuta kazi, ila sasa ndo hivo.

Mawili mengine harakaharaka. Ukifungua profaili za watu wa kampuni unayoitaka wanaona kwamba umepita, kuna hali ya kujificha unaweza kuiwasha, ila kwa akaunti ya bure ukijificha na wewe huoni waliopita kwako. Na angalia akaunti yako umeifungua kwa email gani! Kama ni ya ofisi ongeza email yako binafsi leo leo na uifanye ndo kuu, siku unatoka wanaifunga email ya ofisi, na ukija kusahau paswedi linki ya kuibadilisha inaenda kwenye email ambayo huna tena.

Wale msio na kazi kabisa mnaoniuliza kama duara ya kijani inawashushia hadhi, kuna watu wa HR wanaosema inaonyesha mtu ana njaa, na kuna wanaosema inawarahisishia. Mi nipo na wa pili. Huna kazi, unatafuta, unamficha nani?

SWALI: Mdogo wangu habari za kazi. Mimi ni mtu mzima kidogo, fundi wa kuchomelea vyuma, kazi nimeanza kabla hamjazaliwa nyie. Kijana wangu ananisumbua nifungue hiyo LinkedIn anasema ndo kazi zinapatikana huko. Naomba ushauri wako kabla sijapoteza muda.
Fundi

JIBU: Shikamoo kaka. Kwa mageti na madirisha, hapana, usipoteze muda. Mteja wako hakutafuti huko, anamuuliza jirani aliekufanyia kazi nani, kwaiyo piga picha nzuri za kazi zako zikae kwenye simu na kwenye WhatsApp, na uweke karakana yako kwenye ramani ya Google namba ya simu ionekane, inatosha. Hata ule utafiti wa 2022 niliomtajia mhasibu hapo juu ulionyesha hivo, kwenye kazi zinazotegemea sana kompyuta wale wa kufahamiana kidogo ndo wanasaidia, lakini kwenye kazi zisizotegemea sana kompyuta watu wa karibu wana nguvu zaidi. Nyie mnapeana kazi kwa kujuana na mko sahihi.

Ila kijana wako hajakosea kabisa. Kama una cheti cha kuchomelea mabomba ya gesi au meli na ungependa kazi za mikataba kwenye makampuni makubwa au nje ya nchi, hao wanatafuta watu huko, na hapo weka aina ya uchomeleaji unaoufanya, cheti ni cha daraja gani na kinaisha lini. Lakini angalia na nchi unayoilenga. Ujerumani wana mtandao wao wa siku nyingi unaitwa Xing, Urusi waliifunga LinkedIn tangu Novemba 2016, na China ile programu ya LinkedIn ya huko ilizimwa Agosti 2023. Na kwa vijana wenye kazi za kuonyesha kwa macho ni hivo hivo, mchoraji anaangaliwa Behance, mtandao wa kuweka michoro, mwandika programu anaangaliwa GitHub, mtandao wa kuweka programu, LinkedIn kwao inabaki ya kupitia tu.

SWALI: Dada naomba unijibu haraka. Nimepata meseji LinkedIn kutoka kwa mtu anasema ni wa HR wa kampuni kubwa ya nje, amesoma profaili yangu amenipenda, mshahara mzuri sana, kazi ya kufanyia nyumbani. Amenitumia faili la mkataba nilifungue kwenye kompyuta, na anataka ada ya usajili pamoja na nakala ya kitambulisho. Je ni kweli? Hajanifanyia intavyuu yoyote.
Mwenye bahati?

JIBU: Usilipe, usitume kitambulisho, na hilo faili usilifungue, hasa kama kompyuta ni ya ofisi.

Ada ya usajili peke yake ilitosha kunipa jibu, mwajiri anakulipa wewe, wewe humlipi mwajiri. Ila wasomaji wengi mnaangalia hela tu, mtu asipoomba hela mnaona ni wa kweli, na la faili mnaliacha lipite. Mwaka 2022 kampuni inayotengeneza gemu la Axie Infinity iliibiwa fedha za kidijitali zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 500, FBI wakasema ni wadukuzi wa Korea Kaskazini, na baadae ikaripotiwa kwamba mlango waliopitia ni injinia wa kampuni alietongozwa na kazi ya uongo LinkedIn, wakamfanyia mpaka intavyuu, mwisho wakamtumia ofa kwenye PDF akaifungua. Huyo alikuwa injinia, na hakuombwa hata senti!

Nenda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, uiandike mwenyewe usibonyeze linki yake, angalia kama hiyo kazi ipo kwenye ukurasa wao wa ajira, alafu waandikie kwa email iliyopo pale uwaulize kama huyo mtu ni wao. Angalia na akaunti yake ilifunguliwa lini na ana watu wangapi, mkuu wa HR wa kampuni kubwa mwenye akaunti ya mwezi mmoja hapana. Na yeye mwambie akuandikie kutoka email yenye jina la kampuni, sio hizi za bure, ila hata akiandika bado subiri jibu la kampuni kwanza. Akianza kukuharakisha kwamba nafasi zinaisha leo, ripoti hiyo akaunti na umpige bloku. Kama nakala ya kitambulisho ulishaituma kabla ya kuniandikia, wataarifu benki yako na kampuni ya simu leo wawe macho mtu asije akafungua kitu kwa jina lako, alafu ubadilishe paswedi ya email na ya LinkedIn na uwashe ule uhakiki wa kutumiwa namba kwenye simu. Na wale wenye akaunti za zamani, paswedi za LinkedIn ziliwahi kuvuja mwaka 2012, mwaka 2016 ikaonekana zilikuwa zaidi ya milioni 100, kwaiyo kama yako ni ile ile ya enzi hizo ibadilishe na wewe, na kila mahali pengine ulipoitumia.